Shene inaungua na tangi limebaki nusu: mafuta yanakwamia wapi?

Swali: "Ndugu fundi, napasua mbao za mikaratusi upande wa Kibati, hapa juu ya Goma. Msumeno wangu wa mnyororo ni wa sentimita za ujazo 72, gidi (bapa la chuma linalobeba mnyororo) ni ya sentimita 75. Kila nikimaliza tangi moja la esansi (petroli), lile la mafuta ya shene, yaani ya mnyororo, linabaki nusu. Gidi inatoa moshi, pua imegeuka buluu, na shene mpya inalegea kabla ya juma kuisha. Natumia mafuta ya vidanji, yale machafu yaliyotolewa kwenye injini, lakini nayachuja kwa kitambaa. Jirani ananiambia nipanue tundu la gidi kwa drili. Mwingine anasema nichanganye mazutu (dizeli) ili yapite. Nimsikilize nani?"

Ndugu, drili iweke chini kwanza, na mazutu yaache kwenye gari. Jibu liko ndani ya swali lako mwenyewe: tangi linabaki nusu. Maana yake mafuta hayatoki tangini, na tundu la gidi liko mbali sana na tangi.

Watu wengi wanafikiri pampu ya msumeno ni kama bomba la maji, ukipanua mdomo yanatoka mengi. Sivyo. Ndani ya pampu kuna pistoni nyembamba inayozunguka huku ikienda mbele na nyuma. Kila mzunguko inachota kipimo kilekile na kutema kilekile, mdomo uwe mpana au mwembamba. Tundu la gidi likiziba, mafuta hayarudi tangini kukusubiri. Yanatafuta upenyo kati ya gidi na mwili wa msumeno, yanachuruzika chini ya kifuniko, na unaona tumbo la msumeno limelowa. Kwa hiyo shene kavu ina sura mbili. Tangi linaisha kama kawaida lakini shene ni kavu na suruali yako imelowa mafuta: tatizo liko kwenye gidi. Tangi haliishi: tatizo liko kwenye njia ya kunyonya, au kwenye pampu yenyewe. Wewe uko kwenye sura ya pili.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Matangi mawili ya msumeno yamepimwa kiwandani yaende pamoja: esansi iishe, na mafuta ya shene yabaki kidogo tu chini, ili usije ukakata hata dakika moja bila mafuta. Jaza yote mawili mpaka juu, angalia saa, pasua mbao mpaka esansi iishe. Kisha jazia tena tangi la mafuta kwa chupa ya maziwa ya mtoto, ile yenye alama za mililita. Tuseme tangi lako linabeba mililita 360, umefanya kazi dakika 20, na limepokea 180. Pampu imetoa mililita 9 kwa dakika. Kwa gidi ya sentimita 75 inayopasua mti kwa urefu hiyo ni kiu. Lenga 15 hadi 17. Andika namba hiyo kwa kalamu kwenye kifuniko. Kila utakachosafisha au kubadilisha, rudia kipimo, la sivyo utakuwa unabahatisha.

Sasa tuifuate njia ya mafuta kuanzia tangini.

Cha kwanza ni kipumulio. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Inaingia kwa valvu ndogo ya mpira au kidude cha chuma chenye vitundu, ambacho kwenye misumeno mingi kiko kwenye ukuta wa tangi upande wa gidi, palepale vumbi la mbao linaposhindiliwa na mafuta likawa kama ugali. Kikiziba, pampu inavuta dakika chache za mwanzo, halafu tangi linajikaza na mafuta yanagoma. Jaribio lake halina gharama: fanya kazi mpaka shene ianze kukauka, zima, fungua kifuniko cha tangi polepole huku umetega sikio. Ukisikia "fyuuu" ya hewa ikiingia, umempata mwizi. Toa gidi, kwangua uchafu kwa kijiti, pulizia hewa. Usichome sindano ndani ya valvu ya mpira; ukiipasua, mafuta yatavuja usiku kucha ndani ya nyumba.

Cha pili ni kichujio kilicho ndani ya tangi, na hapa nayashuku sana mafuta yako. Pinda waya ncha yake iwe kama ndoana, ivute hosi kupitia mdomo wa tangi. Mwishoni mwake kuna kichujio kidogo. Kwa mtu anayetumia vidanji, huwa kimevaa koti jeusi linaloteleza kama lami. Kioshe kwa esansi safi, mbali na moto na sigara, kikauke ndipo ukirudishe. Kikibaki cheusi baada ya kuosha mara mbili, nunua kingine. Hosi nayo ikunje kwa vidole kila sehemu. Ikiwa laini kupita kiasi, imevimba au ina ufa mahali inapoingia kwenye pampu, itakuwa inanyonya hewa badala ya mafuta, hasa tangi likishuka chini ya nusu. Suuza na tangi lenyewe mara mbili, maana masizi yaliyolala chini yatakifunika kichujio kipya kabla hujafika Kibati.

Cha tatu, skrubu ya kurekebisha. Misumeno mingi ya ukubwa wa wako inayo, kwa kawaida chini ya tumbo, karibu na klachi, na pembeni yake kuna alama ya kuongeza na kupunguza, au tone dogo na tone kubwa. Injini imezimwa, igeuze robo mzunguko kuelekea tone kubwa, kisha pima tena kwa chupa. Kwa gidi ya 75 inayopasua mbao iache kwenye kiwango cha juu kabisa. Ikifika mwisho inakataa. Usiilazimishe, itavunjika na hutapata tena hata hicho kidogo.

Ukimaliza hayo matatu, washa msumeno bila gidi, bila shene na bila kifuniko, vidole vikae mbali na klachi, uutie kasi ya wastani. Mafuta yatoke kwenye kitundu cha mwili kwa mtiririko unaoonekana. Usitegemee kuyaona injini ikipumua taratibu: pampu nyingi zinaendeshwa na ngoma ya klachi, na ngoma ikisimama pampu nayo inasimama. Yakitoka matone mawili matatu kisha basi, sasa ndiyo zamu ya pampu.

Kuifikia, mara nyingi lazima utoe klachi. Hapo ndipo mafundi wa haraka huvunja vitu. Uzi wa klachi umegeuzwa: unafungua kwa kuzungusha kuelekea kulia, kama mshale wa saa. Toa buzhi (plagi), sogeza pistoni ya injini mpaka izibe tundu la moshi, halafu ingiza kamba ya nailoni kwenye tundu la buzhi ili pistoni ikwame kwenye kitu laini. Ukiingiza kamba kabla tundu la moshi halijazibwa, itabanwa na kukatika humo. Ukishatoa ngoma, angalia vitu viwili. Kuna waya au kimkono kinachoshika pengo la ngoma ili kuzungusha gurudumu la meno ya mshazari. Kikivunjika au kikitoka mahali pake, pampu haizunguki kabisa. Na gurudumu lenyewe, ambalo aghalabu ni la plastiki, likiliwa meno linazunguka na kuruka, linatoa mafuta kwa kigugumizi. Pampu yenye pistoni iliyochubuka kwa mchanga haitengenezwi, inabadilishwa. Mafuta yaliyochujwa kwa kitambaa ndiyo huichubua: kitambaa kinakamata vipande unavyoviona, lakini unga wa chuma na masizi ni mdogo kuliko matundu yake, unapita kana kwamba hakuna kitu.

Nije kwenye mafuta yenyewe, maana hata pampu mpya haitakusaidia ukiendelea na vidanji.

Shene kwenye kasi ya kazi inakimbia karibu mita 20 kwa sekunde. Inapozunguka pua ya gidi, kwenye kona ile fupi, kila tone la mafuta linavutwa nje kwa nguvu inayokaribia mara 1,000 ya uzito wake. Mafuta mepesi yanaruka palepale puani. Sasa kumbuka njia ya shene: mafuta yanaingia nyuma, yanasafiri kwa reli ya juu, yaani ukingo wa juu wa gidi, hadi puani, yanapinda, ndipo yanarudi kwa reli ya chini, na reli ya chini ndiyo inayobeba mzigo wa kukata. Yakirukia puani yote, reli ya chini inapata makombo. Ndiyo maana mafuta ya shene ya kiwandani yanatiwa kitu cha kuyafanya yanate. Yashike kati ya kidole gumba na cha shahada, vitenganishe: yanavuta uzi. Vidanji havivuti uzi. Vimeshapikwa, vina masizi, unga wa chuma na mara nyingine esansi au mazutu iliyovuja. Ukiongeza mazutu ya jirani yako, unayafanya yaruke mapema zaidi. Tangi litaisha haraka, kweli, na utadhani umepona, huku mafuta yote yako kwenye shati lako.

Na hilo la shati si mzaha. Vidanji kwenye ngozi kila siku vinahusishwa na saratani ya ngozi, na msumeno unavirusha kama mvua. Unga wa mbao uliolowa vidanji haufai kuwa chakula cha babula (jiko) wala tandiko la kuku.

Ukipata mafuta halisi ya shene, nunua hayo. Ukikosa, chukua mafuta mapya ya injini yenye namba moja tu, SAE 40, yasiyo na herufi W katikati. Hayanati kama ya shene lakini ni safi na yana uzito unaofaa joto la hapa. SAE 30 yafaa kwa kazi za asubuhi yenye baridi kule juu, kwa gidi fupi. Mafuta ya gia ya namba 90 pia yanafanya kazi. Namba isikutishe, kipimo cha gia ni tofauti, na 90 ya gia ina uzito wa karibu 40 au 50 ya injini. Harufu yake tu ndiyo mbaya. Mafuta ya pikipiki ya kuchanganya na esansi ni mepesi mno na ni ghali, sijui nani aliyeanzisha desturi ya kuyamimina humo.

Mawese? Najua utauliza, maana kila mtu anauliza. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi mawese kwenye chupa yameganda nusu. Yataganda hivyohivyo kwenye hosi. Mafuta ya alizeti hayagandi na yanalainisha vizuri kweli, ila yana tabia moja: ukiacha msumeno wiki mbili bila kazi, yanakauka kuwa gundi ndani ya pampu na kwenye vifundo vya shene. Ukiyatumia, kabla ya kuhifadhi msumeno mwaga yaliyobaki, tia mafuta ya injini, kata dakika kadhaa ndipo uweke.

Hesabu ya kununua ni rahisi: karibu lita moja ya mafuta ya shene kwa kila lita mbili za esansi. Ukichoma lita 5 za esansi kwa siku, andaa lita 2 na nusu. Ni fedha, sikatai. Weka upande wa pili bei ya gidi na shene unazoua kila mwezi, kisha uamue.

Tangi likianza kuisha inavyotakiwa, geukia gidi. Toa shene, chukua kipande cha wembe wa msumeno wa chuma, pitisha kwenye mfereji wa ukingo wa gidi, kutoka nyuma kwenda puani. Utatoa tope jeusi lililokauka, wakati mwingine kama kamba nzima. Safisha tundu la mafuta pande zote mbili kwa waya mpaka uone mwanga ukitokea kwenye mfereji. Pima kina cha mfereji kwa kipande cha kadi: kwa shene ya inchi 3/8 kisipungue milimita 6, kwa ile ya inchi .404 kisipungue 7. Kikipungua, meno ya ndani ya shene yanagusa sakafu ya mfereji, na meno hayo ndiyo vijiko vinavyobeba mafuta hadi puani. Yakigusa chini hayabebi kitu, yanasaga tu. Kingo za reli zilizokunjika nje zipige tupa bapa ziwe sawa. Geuza gidi juu chini kila unapobadilisha shene.

Hiyo buluu uliyoiona ni chuma kilichofika karibu digrii 300. Kwenye joto hilo mafuta ya kawaida yamekuwa moshi, na chuma kimepoteza ugumu wake. Zungusha nyota ya pua, kile kigurudumu cha meno kilicho puani, kwa kidole. Ikiyumba au ikikwama, pua imekwisha. Kama gidi yako ni ya pua inayobadilishwa, badilisha pua peke yake. Ikizunguka vizuri na buluu ni doa dogo, piga tupa, geuza gidi, endelea kuichunguza kila jioni.

Sasa drili. Kuna hali moja ambapo jirani yako ana haki: umenunua gidi ya chapa nyingine, na tundu lake haliangukii kwenye kijia cha mafuta cha msumeno wako. Paka rangi au majivu yenye maji kuzunguka kijia hicho, funga gidi na shene ikiwa imekazwa kama ya kazini, fungua tena, uone alama imepiga wapi. Tundu likiwa nje ya kijia, au limefunikwa nusu, hapo unaweza kulipanua kwa milimita moja hivi kuelekea kijia, pande zote mbili kwa kuwa gidi inageuzwa. Likipita ukingo wa kijia, mafuta yatavuja pembeni kabla ya kuingia kwenye mfereji, na utakuwa umenunua tatizo la sura ya kwanza niliyoitaja juu.

Kuna jambo la Goma peke yake. Magogo yako yanaburutwa juu ya mawe ya volkano, na mchanga ule mweusi ni mkali kama kioo kilichosagwa. Unanaswa kwenye maganda, shene inauingiza kwenye mfereji, na ukichanganyika na mafuta unakuwa jiwe la kunolea. Bandua maganda kwa panga kando ya mstari unaokata, upana wa kiganja unatosha. Futa kifuniko cha tangi kabla ya kukifungua, na bidoni la mafuta lisikae wazi chini.

Kupasua kwa urefu kunakunywa mafuta kuliko kukata gogo kwa kukingama, kwa sababu unga wake ni laini na unayafyonza. Noa meno ya kukata kwa pembe ya digrii 10 badala ya 25 au 30 za kukatia kawaida, na vizuizi vya kina, vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino, viwe chini ya meno kwa milimita 0.65 hivi. Shene butu inakulazimisha kukandamiza, na kukandamiza kunafinya mafuta yatoke kwenye reli hata yakiwa mengi. Ukifika mwisho wa ubao, usizime moja kwa moja: toa gidi kwenye mti, acha shene ikimbie sekunde 10 kwa kasi ya kati ili ipate mafuta mapya puani. Shene mpya ilale usiku mzima kwenye kopo la mafuta, ianze kazi kwa dakika mbili tatu za nusu kasi, kisha izime, ipoe, uikaze upya. Mvuto sahihi ni pale inapogusa gidi chini, lakini bado unaivuta kwa mkono uliovaa glavu bila kupambana nayo.

Jaribio la mwisho kabla ya kurudi kazini: elekeza pua kwenye ubao mweupe au kisiki kilichokatwa karibuni, umbali wa sentimita 20, bila kugusa, kasi ya robo tatu. Ndani ya dakika moja mstari wa mafuta uonekane wazi. Ukionekana, pima tena kwa chupa ya mtoto. Usipoonekana, rudi kwenye kipumulio, kisha kichujio, kwa mpangilio ule ule.